Mkwe wangu anataka mechi zetu zihamie Dar

*Mwanangu mshauri,*

*Mimi ni mzee wa Ngamiani, na timu yangu ni moja tu, Coastal Union. Tulipochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 nilikuwa kijana wa kazi za bandarini, na usiku ule Barabara ya 12 haikulala. Tangu hapo tumeshuka, tumepanda, tumeshuka tena, na mimi sijahama. Sina Simba, sina Yanga. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini ndivyo nilivyo.*

*Kinachonisumbua ni hiki. Redioni kila siku nasikia habari za viwanja. Mkapa unakarabatiwa, Arusha unajengwa wa watu 30,000, Amaan kule Unguja umekuwa mpya, na yote ni maandalizi ya AFCON ya 2027. Sipingi maendeleo. Lakini msimu wa 2024/25 sisi tulikuwa wageni kwetu wenyewe. Mechi za nyumbani tumecheza Dar, nyingine Arusha. Simba walitufunga tatu bila pale Sheikh Amri Abeid, na kwenye karatasi wenyeji ni sisi! Nilisikiliza kwenye redio, nikiwa nyumbani kwangu, hatua chache kutoka Mkwakwani, uwanja wetu.*

*Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, ni Yanga wa Temeke. Kijana mzuri, ananiheshimu, ila akianza mpira ulimi haumshikiki. Idi iliyopita alisema mbele ya wageni: "Mzee, timu isiyo na watu haihitaji uwanja. Mechi kubwa zileteni kwa Mkapa mpate hela, mshukuru. Serikali ijenge penye watu." Niliinuka nikaenda msikitini kabla hata ya adhana. Tangu siku ile simu yake napokea kwa shida, na binti yangu kila akipiga ananiomba yaishe.*

*Sasa hata ndani ya klabu wapo wanachama wenye mawazo hayohayo. Wanataka mechi za Simba na Yanga tuzipeleke Dar moja kwa moja, kwa hoja kwamba mlango mmoja pale utaleta zaidi ya nusu msimu hapa. Mkutano wa wanachama uko karibu. Nataka unieleze ukweli: ninalosema ni haki au ni kinyongo cha mzee? Nisimame niseme nini? Na huyu mkwe nimfanyeje?*

*Mgosi wa Barabara ya 12, Tanga*

---

Shikamoo mzee wangu.

Si kinyongo. Unadai jambo la haki kabisa, ila nadhani lawama umeipeleka kwenye viti, na viti havina kosa. Uwanja wa Arusha ukiwa na watu 30,000 haukupunguzii kitu wewe wala Coastal. Kinachokupunguzia ni masharti: nani alilipia uwanja, nani anaruhusiwa kuutumia, kwa bei gani, na nani anabaki na fedha za mlangoni. Ukienda mkutanoni ukasema "wanajenga kwingine, kwetu hawajengi", watakupigia makofi wakusahau. Ukienda na masharti mkononi, itabidi wakujibu.

Tuanze na Mkapa, kwa sababu mkwe wako anauzungumzia kama mali ya Yanga. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 2007, una viti 60,000, na uliwezekana kwa fedha za Serikali yetu na msaada wa China. Yanga hawakuchangia tofali. Simba hawakuchangia tofali. Wote wawili ni wapangaji. Kodi ya mkulima wa mkonge wa Korogwe imo ndani ya zege lile sawasawa na kodi ya mkwe wako wa Temeke. Tofauti ni kwamba yeye anakwenda kwa daladala na kurudi nyumbani usiku uleule, wewe unahitaji basi, malazi na siku mbili. Hapo ndipo usawa unapoanza kupotea. Mali ni ya wote, lakini faida inaangukia wanaoishi jirani nayo.

Pamoja na hayo, mpe mkwe wako haki yake. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na zilikuwa na watu miongo mingi kabla Mkapa haujajengwa. Uwanja haukuwapa mashabiki, mashabiki ndio waliofanya uwanja ule uonekane unahitajika. Na hata wao kukosa uwanja wao wenyewe kumewagharimu. Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Walifungwa mbili bila Morocco, na mechi ya marudiano, ile ambayo kila Msimbazi alikuwa anaiota ichezwe mbele ya watu 60,000, ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikuwa katika hali ya kukubalika. Amaan unabeba kama robo ya Mkapa. Matokeo yalikuwa sare ya moja kwa moja, kombe likaondoka. Sisemi wangeshinda Dar. Nasema klabu ya ukubwa ule, yenye umri ule, ilinyang'anywa nyumbani kwake wiki ile ilipohitaji nyumbani kuliko wakati wowote, na haikuwa na pa kwenda pake. Mkwe wako, kwa kuwa ni Yanga, huenda alifurahi. Muulize ingekuwaje kama ni Yanga, kwa maana Yanga nao wanaota uwanja wao pale Jangwani miaka nenda rudi.

Aliyejenga kwa fedha yake ni Azam. Chamazi ni kiwanja cha watu wapatao 10,000 tu, lakini ni chao, na msimu wa 2013/14 walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Tajiri anayetoa mfukoni mwake akajenga hatuna haki ya kumlalamikia, hata kama akipanua Chamazi mpaka ifike barabara ya Mbagala. Mstari wa haki naufikiri hivi: fedha yako, uamuzi wako; fedha yetu sote, masharti sawa kwa sote.

Hili halipo Tanzania tu. London walijenga uwanja mkubwa Stratford kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Michezo ilipoisha ukakabidhiwa West Ham kwa mkataba wa miaka 99, wakahamia 2016 kutoka Upton Park, uwanja wao wa watu 35,000. Kuugeuza uwe wa mpira wa miguu kuligharimu pauni milioni 323, na West Ham walichangia milioni 15. Nyingi zilizobaki zilitoka kwenye mifuko ya umma. Sasa, kilomita chache tu kutoka hapo kuna klabu ndogo, Leyton Orient. Ilipiga kelele, ikaomba nayo iruhusiwe kuutumia uwanja ule, ikafika mpaka mahakamani, haikufanikiwa. Hoja yao haikuwa kwamba West Ham wasiwe na uwanja mkubwa. Walisema jirani yetu akipewa viti vingi vya bei ya chee kwa fedha ya umma, atagawa tiketi rahisi mitaani kwetu, na watoto wetu watakwenda kwake. Niliposoma barua yako nilifikiria watu wa Orient, kwa sababu hilo la watoto nitalirudia. Ndilo kubwa kuliko yote.

Kabla ya hapo lazima nikuambie jambo ambalo huenda hutalipenda. Usiombe Mkwakwani iwe kubwa. Omba iwe nzima.

Kuna mji unaitwa Darlington, kaskazini mwa Uingereza. Klabu yao ilikuwa daraja la nne, na uwanja wao wa zamani ulikuwa mdogo lakini ukiwa katikati ya mji. Mwenyekiti wao, George Reynolds, tajiri aliyeipenda sana fahari, akawajengea uwanja wa viti 25,000 pembezoni mwa mji. Ukafunguliwa Agosti 2003. Siku ya kwanza walikuja zaidi ya watu 11,000, na hiyo ilikuwa siku ya sherehe. Baada ya hapo wakabaki elfu chache, wamekaa ndani ya zege tupu, upepo unapita. Taa, usafi, ulinzi, maji, matengenezo, vyote vinadai malipo ya uwanja wa watu 25,000 hata wakiingia 4,000. Desemba ya mwaka uleule klabu ikawa chini ya wasimamizi wa madeni. Ilijikongoja miaka kadhaa, ikaingia kwenye usimamizi tena na tena, na mwaka 2012 ikasambaratika. Mashabiki wenyewe wakaiunda upya kutoka madaraja ya chini, na kwa sababu hawakuwa na kiwanja, wakacheza "nyumbani" kwenye mji mwingine, Bishop Auckland, mpaka mwishoni mwa 2016 waliporudi Darlington kwenye kiwanja kidogo cha klabu ya raga.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu unagusa pande zote mbili za barua yako. Uwanja mkubwa kupita watu wako unaua klabu. Na klabu iliyouawa hivyo, mashabiki walipoishika wao, kazi yao ya kwanza ilikuwa kurudi mjini kwao. Hawakutafuta viti. Walitafuta kwao.

Sasa hoja ya wanachama wenzako. Si wapumbavu, mzee, na usiwaite hivyo mkutanoni. Klabu ina mishahara, ina nauli za safari ndefu, na mechi ya Yanga inaleta fedha ambayo mechi nyingine kumi hazileti. Kuna timu zimefanya hivyo. Mwaka 2021 KMC walipeleka mechi yao ya nyumbani na Yanga mpaka Majimaji, Songea, na ya Simba wakaipeleka Tabora. Kwa KMC naielewa hesabu hiyo. Ni timu ya manispaa ya Kinondoni, imezungukwa na Simba na Yanga pande zote, na watu wa Songea na Tabora walipata kuwaona kwa macho wachezaji ambao huwaona kwenye televisheni. Sikuona ubaya mkubwa, isipokuwa kwa wapinzani wa KMC kwenye msimamo, ambao wao walikutana na wakubwa kwenye viwanja vyao vya kweli.

Hapo kuna haki nyingine ambayo haizungumzwi. Ligi ya timu 16 ina maana moja: kila mtu akutane na kila mtu, nyumbani na ugenini. Coastal wakiamua kuwakaribisha Simba kwa Mkapa, Simba watakuwa wamecheza mechi moja zaidi nyumbani kuliko wanavyostahili, na Coastal mechi moja pungufu. Pointi zile hazipotei kwenu peke yenu. Anayegombea ubingwa na Simba anaumia. Anayegombea kubaki ligi pamoja nanyi ananufaika bila jasho. Kwa hiyo mtu akisema "ni mechi yetu, tutacheza tunapotaka", mwambie hapana, mechi ni ya ligi nzima. Ningependa Bodi ya Ligi ilisimamie hili kwa ukali zaidi: uwanja ukifungiwa, timu iende uwanja wa jirani usio nyumbani kwa mpinzani, na pasiwe na kuhama kwa ajili ya mapato.

Na fedha yenyewe, waambie wailete kwenye karatasi. Nataka uulize kwa upole, kama mzee: mechi ya mwisho tuliyocheza nje ya Tanga, kiliingia kiasi gani mlangoni, kikatwa nini na nini, uwanja ulichukua asilimia ngapi, usafiri na hoteli ya timu ilikuwa shilingi ngapi, kikabaki kiasi gani? Wenyeji wanaosafiri kilomita zaidi ya 300 kwenda kuwa wenyeji wanalala hotelini kama wageni. Inawezekana faida ikabaki nzuri hata hivyo. Lakini wanachama wana haki ya kuiona namba, si kuambiwa tu kwamba ni kubwa.

Nikuongezee historia kidogo ya mambo ya mlangoni, maana itakusaidia kuelewa kwa nini kupanua viwanja kunawagawa watu kila mahali. Zamani katika ligi ya Uingereza timu mgeni ilikuwa inapata sehemu ya mapato ya mlangoni. Mwaka 1983 utaratibu huo ukafutwa, kwa shinikizo la klabu kubwa, na kila mwenyeji akabaki na chake. Tangu hapo kila kiti ulichoongeza kikawa chako peke yako kwa kila mechi ya ligi. Aliyekuwa na uwanja mkubwa akapata fedha ya kununua wachezaji, wachezaji wakaleta watu, watu wakalipia jukwaa jingine. Anayekaa kwenye kiwanja cha watu 11,000 hawezi kumfikia hata akijaza kila wiki. Lakini katika Kombe la FA waliendelea kugawana na mgeni, na ndiyo maana klabu ya mtaani ikipangiwa kwenda Old Trafford inashangilia kabla ya kucheza: mgao wa siku ile unaweza kuiendesha msimu mzima. Kugawana si ndoto ya wanyonge. Kumefanyika, kunafanyika, na mpira haukufa.

Sisi tunayo fedha ya televisheni, ambayo kwa timu kama yenu ndiyo inayozuia njaa. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021 ulitangazwa kuwa wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Kama kuna mahali pa kudai usawa kwa hoja yenye nguvu ni hapo, kwa sababu mechi ya televisheni haiwezi kuchezwa na timu moja. Ningefurahi kuona sehemu ya fedha za namna hiyo ikitengwa kila msimu kwa ajili ya viwanja vya mikoani tu, isigusike kwa mishahara wala usajili. Huo ni ushauri wangu kwa wakubwa wa mpira, ila mkutano wa Coastal unaweza kuwa wa kwanza kuutamka rasmi.

Basi usimame useme nini? Mimi ningesimama na swali moja juu ya yote: mkataba wetu na mwenye Mkwakwani ukoje?

Unajua kuliko mimi kwamba Mkwakwani ni mali ya CCM, kama Kirumba, kama Sheikh Amri Abeid, kama Sokoine. Viwanja vingi vya mikoani vilipatikana zama za chama kimoja, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vikabaki na chama. Sitaki kukuingiza kwenye siasa kwenye safu ya mpira. Nakuonyesha tu tatizo la fundi: hakuna mpangaji anayejenga choo kwenye nyumba anayoweza kuambiwa ahame mwezi ujao. Coastal ikiwa inalipa kwa mechi, bila mkataba mrefu, haiwezi kukopa benki kuweka nyasi, haiwezi kumwambia mdhamini aweke paa jina lake likae miaka kumi, haiwezi hata kufunga kibanda cha kuuza jezi. Mwenye mali naye anaona wapangaji wanakuja mara mbili kwa mwezi, haoni sababu ya kutumia. Hivyo ndivyo kiwanja kinavyooza katikati ya mji unaokipenda. Dai mkataba wa miaka 20 au zaidi, Coastal na African Sports kwa pamoja, wenye kuandikwa nani anatengeneza nini. Wana Kimanumanu hao ni watani wenu, lakini kwenye hili mko kundi moja, na chama kitawasikiliza mkiingia ofisini mmeongozana.

Mkataba ukiwepo, mambo mengine yana pa kusimama. Sheria ya Fedha ya 2021 iliondoa VAT kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira vilivyo ndani ya majiji, na Tanga ni jiji. Mtu wa klabu aende TRA akaulize msamaha huo ukoje leo na nani anastahili kuuomba. Jiji nalo liulizwe kama litachangia uwanja usio wake, na kwa masharti gani watoto wa shule wataruhusiwa kuutumia siku za wiki. Hapo fedha ya umma itakuwa imeingia kwa haki.

Na zikipatikana fedha, zianze chini: eneo la kuchezea, vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo, hasa vya wanawake, kwa sababu binti zako wakikosa choo hawatakuja na wajukuu hawatakuja. Halafu milango. Machi 2021 watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru kwa kukanyagana, siku ya kumuaga Rais Magufuli. Haikuwa siku ya mpira, lakini wale walikuwa watu wetu, wamebanwa kwenye kiwanja chetu. Uwanja unaopanuliwa kwa kuongeza watu bila kuongeza njia za kutokea ni hatari iliyopakwa rangi. Jukwaa jipya liwe la mwisho kwenye orodha, na lije upande mmoja, mkiona kweli watu wanabaki nje.

Hayo ndiyo ya mkutanoni. Sasa watoto.

Mkwe wako amesema timu isiyo na watu haihitaji uwanja. Jibu lake ni kwamba timu isiyo na uwanja haiwezi kuwa na watu. Unasema watu hawakuamini ukisema huna Simba wala Yanga, na wanayo sababu, maana siku Yanga wakija Mkwakwani jukwaa linakuwa kijani, na wenye jezi hizo si wageni waliokuja na basi, ni wazaliwa wa Makorora na Chumbageni. Mtoto wa miaka minane wa Tanga anawaona Simba na Yanga kila wiki kwenye runinga ya kibandani. Coastal inaweza kuwashinda kwa jambo moja tu: kuwa pale, kwa miguu, kwa bei ya soda, na mchezaji ambaye kesho utamkuta sokoni. Ukiondoa timu mjini msimu mmoja, mtoto huyo anafikisha miaka tisa hajawahi kuiona. Ukiiondoa misimu mitatu, ameshachagua.

Vipaji haviko mbali na hilo. Julai 2022 Coastal yako, chini ya Juma Mgunda, ilitoka sare ya 3-3 na Yanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Arusha, ikafungwa kwa penalti. Mabao yote matatu alifunga kijana mmoja, Abdul Suleiman "Sopu". Baada ya fainali akasajiliwa Azam. Siwalaumu Azam wala Sopu. Lakini miaka miwili baadaye mkamaliza wa nne kwenye ligi, mkapata nafasi ya kucheza Afrika, na mechi yenu ya nyumbani na Bravos do Maquis ya Angola ikachezwa Dar es Salaam. Jiji zima la Tanga lilistahili nafasi ya kuikaribisha timu ya nje kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na halikuipata. Mkwe wako akikuambia penye watu pajengwe, msimulie wiki ile.

Msimulie, mzee wangu, lakini kwanza umpigie wewe. Najua wewe ni mkubwa kwake, na desturi ingetaka yeye ndiye aje. Alikukosea adabu kwa kukujibu mbele ya wageni, na hilo unaweza kumwambia waziwazi mkiwa wawili: mpira tubishane, mbele ya wageni wangu uninyamazie. Mkwe mwenye heshima atalipokea. Kisha mwalike, siyo siku ya Yanga. Mechi yoyote ya kawaida Mkwakwani, Mashujaa au Namungo, Jumamosi. Aje na wajukuu. Mnunulie tiketi wewe, umkalishe mnapokaa siku zote, na mpira ukianza usimhubirie lolote kuhusu haki wala viwanja. Mwonyeshe wenzako waliokuwepo 1988, awasalimie mmoja mmoja, shikamoo kwa shikamoo.

Akirudi Temeke bado atakuwa Yanga, na ana haki ya kuwa Yanga. Binti yako hatakuwa anapiga simu kuomba yaishe. Na wewe mkutanoni utakuwa na swali la mkataba mfukoni, limeandikwa, na majina ya wanachama kumi waliolitia saini kabla hujasimama. Yaanze kukusanywa wiki hii.